Ordinatere ya kikundi: mimi ninachagua Linux, lakini kwa masharti



Juma hili tuzungumze juu ya ordinatere, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaita kompyuta. Kikundi chenye mashine ya zamani kina swali moja: Windows 10 yetu, tunaambiwa, imekwisha wakati. Je, tununue mashine nyingine?

Tuanze na ukweli wenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine haikuzimika siku ile, na hesabu zilizomo hazikupotea. Lakini matundu mapya yanayoonekana ndani ya programu hiyo hayazibwi tena, isipokuwa kwa walioandikishwa katika huduma ya nyongeza, nayo ina mwisho wake. Windows 11 inadai mashine ya karibuni: mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 inazikataa, hata kama bado zina nguvu.

Muuzaji atakuambia ununue nyingine. Mimi ninasema tungoje kwanza. Feza ya ordinatere mpya inatoka katika sanduku letu la akiba. Ni minervali ya watoto, ni mtaji wa mawese na wa mchele, ni dawa ya mzazi aliyelala mgonjwa. Haitoki bila kufikiri.

Njia nyingine ipo, inaitwa Linux. Kila ordinatere ina mwili wake, na ina programu kubwa inayouongoza mwili huo. Windows ni programu ya namna hiyo, na Linux vilevile. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland aliyekuwa na miaka 21. Aliitoa ili watu waitumie na kuitengeneza pamoja. Ni kama mbegu nzuri: unapewa, unapanda, unamgawia jirani, na sheria yake inakukataza kumfungia mwingine njia ya kufanya kama ulivyofanyiwa wewe. Zipo Linux za namna nyingi. Ubuntu ilianza mwaka 2004, ikaanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ule utu tunaoujua sisi. Linux Mint ilianza mwaka 2006, na hiyo ndiyo ninayoipenda, hasa ile nyepesi inayoitwa Xfce. Sura yake inafanana na Windows za zamani, na mashine yenye kumbukumbu ya jigabaiti 4 inaibeba vizuri.

Ninaipenda kwa sababu nne.

Ya kwanza, ni halali. Wengi tunaijua ile Windows ya kuwekewa dukani bila ruhusa ya mwenyewe, ambayo baada ya siku chache inaanza kutoa maonyo kwenye kioo. Kikundi kinachowafundisha watoto kutoiba hakipaswi kuandika hesabu zake juu ya kitu cha wizi. Linux unaichukua bure, na unaigawa bure, mchana kweupe.

Ya pili ni virusi vya flashi. Flashi moja inapita kwa mpiga chapa, kwa mwalimu, kwa shemeji, halafu inarudi kwetu. Vingi vya virusi hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya Windows, na ndani ya Linux havipati pa kusimama. Lakini tusijidanganye: Linux haimlindi mtu anayetoa neno lake la siri kwa tapeli, na faili chafu inaweza kupita kwetu ikaenda kumdhuru jirani.

Ya tatu ni mega. Sisi tunanunua mega kwa simu, na kila mega ina bei yake. Linux Mint inakuonyesha kwamba kuna matengenezo mapya, halafu inangoja uamue. Unaweza kuyachukua siku ukiwa mahali penye intaneti nzuri. Usiyaache miezi na miezi, maana kazi yake ni kuziba matundu.

Ya nne ni watoto. Kuna programu ya michezo ya kujifunza inayoitwa GCompris, iliyoanzishwa na Mfaransa Bruno Coudoin mwaka 2000, kwa watoto wa miaka 2 hadi 10. Inafundisha kushika panya wa ordinatere, herufi, hesabu na mengine mengi, kwa Kifaransa pia. Kuna Kiwix, inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti ukiisha kuichukua mara moja. Kwa mtoto asiye na vitabu nyumbani, hiyo ni maktaba.

Sasa nisiyoyapenda, maana mwenye kusifu tu anauza kitu.

Linux Mint inakuja na LibreOffice ya kuandikia na kufanyia hesabu. Inafungua faili za Word na Excel, lakini mara nyingine mistari inahama na jedwali linavunjika. Kwa barua ya kwenda ofisini, itoe kama PDF, ndiyo haibadiliki. Printa nyingine zinakubali mara moja, nyingine zinasumbua. Na kama mfadhili wenu anataka programu yake ya hesabu inayofanya kazi ndani ya Windows peke yake, basi bakini na Windows kwa kazi hiyo. Msiache msaada wa kikundi uanguke juu ya mapenzi ya programu.

Kuna pia swali la lugha. Linux Mint utaiweka kwa Kifaransa, na klavye yetu ya AZERTY inakubalika. Kiswahili chetu bado kiko nyuma humo, ingawa kazi ilianza zamani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. LibreOffice ya leo ilitoka katika OpenOffice mwaka 2010. Wasichana wetu wanaosoma informatiki wajue kwamba hapo kuna kazi inayowangoja.

Lakini neno langu kubwa juma hili halihusu programu. Linahusu ni nani anayeshika ufunguo. Mara nyingi mashine ni ya wamama, lakini neno la siri analo kijana mmoja. Akisafiri kwenda Goma au Lubumbashi, kitabu cha likelemba kimefungwa. Linux inaweza kuzidisha shida hiyo, kwa kuwa wanaoijua katika kartiye ni wachache kuliko wanaojua Windows. Kwa hiyo masharti yangu ni haya:

Kwanza, wamama wawili wajifunze kuiweka na kuitumia, wala si mmoja. Pili, neno la siri liandikwe na litunzwe katika sanduku la kikundi, lile lenye funguo tatu. Tatu, hesabu zinakiliwe kila juma kwenye flashi mbili zinazolala katika nyumba mbili. Nne, daftari la karatasi lisiachwe. Umeme ukikatika na betri ikiisha, kalamu bado inaandika.

Na kabla ya kuamua, jaribuni. Linux Mint ina ukubwa wa karibu jigabaiti 3. Mtu mwenye intaneti nzuri aichukue mara moja kwa ajili ya vikundi vyote, aiweke kwenye flashi ya jigabaiti 8 kwa programu ya kazi hiyo, maana kunakili faili tu hakutoshi. Washeni mashine kwa flashi ile. Mtaiona, mtaandika, mtajaribu printa, na Windows yenu itabaki ndani bila kuguswa. Ikiwapendeza, ndipo muiweke kabisa. Kabla ya kubonyeza kitufe hicho, toeni hesabu zote na picha zote, kwa sababu kuiweka peke yake kunafuta kila kitu kilichomo.

Mwenzangu mmoja ananiambia watoto wetu watakuta Windows kazini, kwa hiyo Linux inawachelewesha. Ninamsikia. Lakini aliyejua kupika juu ya makala hashindwi na jiko la umeme. Anayejua kupanga faili, kuandika barua na kutengeneza jedwali atabadilisha mashine bila kulia.

Katika mkutano wenu ujao, ulizeni swali moja tu: neno la siri la ordinatere yetu, ni mama gani wawili wanaolijua? Kama jibu ni kimya, anzeni hapo, kabla ya Windows na kabla ya Linux.

Juma njema, wamama.