Kabla ya Kumwita Mke Tasa

Mfugaji wa Kwimba au Magu akishampandisha ng'ombe wake, anahesabu siku. Ya 21 ikifika na ng'ombe akarudia joto, hamwiti tasa. Anamkagua dume, anafikiria malisho, anamwita bwana mifugo. Mkewe akikaa miaka miwili bila mimba, neno ni moja: hana kizazi. Kipimo cha mbegu za mume, ambacho ni rahisi kuliko vyote, mara nyingi huja mwisho. Tofauti hiyo ndiyo imetufanya tuandae toleo hili.

Siku zile 21 zina maana yake. Kiinitete cha ng'ombe hukaa zaidi ya wiki mbili bila kujishikiza, kikizidi kurefuka, na karibu na siku ya 16 hutoa protini iitwayo intaferoni tau. Utando wa ndani wa mji wa mimba ukiipokea, unazuia prostaglandini ambayo ingeua tezi ya muda iliyobaki kwenye ovari, na projesteroni inaendelea kutoka. Usipoipokea, joto linarudi. Utando huo una vifundo, kwa kawaida 70 hadi 120, na hapo ndipo kondo la nyuma hujishikiza. Aliyewahi kusubiri kondo la ng'ombe litoke amezikuta alama zake.

Kwa binadamu utando hausubiri ujumbe. Yai likishatoka, projesteroni inaugeuza: tezi zinajaa virutubisho, mishipa midogo ya damu inajisokota, seli zinanenepa, na kiinitete huenda hakipo kabisa. Mimba nyingi hujishikiza kati ya siku ya 8 na ya 10 baada ya yai kutoka. Muda huo ukipita, utando unaporomoka, ndiyo hedhi. Nyani wanayo, na popo wa aina chache. Ng'ombe hana (damu kidogo inayoonekana baada ya joto ni jambo jingine). Tena utando huu unachagua: maabara imeonyesha kwamba seli zake huitikia kwa namna tofauti kiinitete kizima na chenye kasoro. Mimba nyingi hutoka hata mwenyewe hajajua, bila kosa la mtu.

Yapo lakini maradhi yanayouharibu. Kifua kikuu kikiingia kwenye mji wa mimba huacha makovu. Kichocho cha mkojo, ambacho huku kwetu hukaa zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga kuliko ufukweni mwa ziwa, minyoo yake hutaga mayai hadi kwenye shingo ya kizazi, mirija, na wakati mwingine mji wa mimba wenyewe. Prazikwanteli huua minyoo, kovu halitoki. Na dawa hiyo kwa miaka mingi imegawiwa zaidi shuleni, wakati msichana aliyeacha shule yuko jarubani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka watu wazima nao wapewe, hata mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Tunataka kliniki za uzazi za Kanda ya Ziwa ziwe nayo.