Kuku wa Jirani na Baridi ya Desemba

Desemba iingiapo, sisi wa pwani huijua kwa mambo mawili: kaskazi imekwisha shika, na maembe yamejaa sokoni. Lakini wako wasomaji wetu wengi ambao baba zao walifuata kazi za reli na biashara bara, nao wakakulia Nakuru. Hao Desemba yao ni nyingine, na leo twapenda kuizungumza.

Nakuru iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, lakini imekaa juu, kiasi cha futi 6,000 kutoka usawa wa bahari. Mtoto aliyezaliwa Mombasa akapelekwa huko aliona ajabu. Alfajiri ya Krismasi nyasi zimelowa umande, naye ametiwa sweta juu ya kanzu. Ikifika saa sita jua lachoma, na alasiri upepo wainua vumbi mpaka ziwa lisionekane. Mvua za vuli zimekatika, mahindi yamekauka mashambani, shule zimefungwa. Na pale stesheni, mahali reli inapogawanyika, njia moja ikienda Kisumu na nyingine Eldoret hadi Uganda, watu walisongamana na mizigo yao wakienda makwao kula sikukuu.

Waliobaki mjini walikula na majirani. Wengi waliokulia mitaa kama Bondeni watakumbuka mlango ukibishwa mapema baada ya sala ya asubuhi. Ni jirani Mkristo, kuku mkononi. “Hodi, mzee! Nimekuletea huyu umchinje. Tukichinja wenyewe, watoto wako watakula nini kwetu?” Baba alichukua kisu, akaelekea kibla, akapiga bismillahi. Mchana sinia ikaja imefunikwa kitambaa. Na siku ya Idi, watoto wa nyumba ile ile walikuwa wa kwanza kufika kwetu kungojea pilau.

Kwa kuwa Idi hufuata mwezi, na Krismasi hufuata jua, sikukuu hizi hupishana, na mara chache hukutana. Mwaka 1968 Idd-el-Fitri iliangukia siku chache tu kabla ya Krismasi. Mwaka 2000 ilifuata Krismasi kwa siku mbili hivi. Miaka kama hiyo masinia yalikwenda na kurudi juma zima.

Lakini tusidanganyane, ndugu wasomaji. Kumbukumbu huchagua. Ukimwuliza mtu mzima, atakuambia Krismasi ya Nakuru ilikuwa kavu na ya jua kila mwaka. Sivyo. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa zilifurika Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1997 Elnino ikaharibu barabara na mashamba. Tumeyasahau matope, tumebakisha jua. Na ujirani nao tumeukumbuka hivyo hivyo. Kuku wa jirani alikuwa kweli. Lakini ghasia za Molo za mwaka 1992 nazo zilikuwa kweli, na hakuna apendaye kuzisimulia pamoja na habari za sikukuu.

Ndipo ukaja mwaka 2007. Idd-el-Hajj iliangukia karibu tarehe 20 Desemba, Krismasi tarehe 25, na tarehe 27 taifa likapiga kura. Katika juma moja watu walipeana nyama ya Idi na chapati za Krismasi. Haukupita mwezi mmoja na nusu, moto ulikuwa umefika Nakuru yenyewe, na uwanja wa maonyesho ya kilimo umegeuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Nchini kote walikufa watu zaidi ya 1,000. Mlango uliokuwa ukibishwa kwa ajili ya kuku, katika mitaa mingine ulibishwa kwa shoka. Familia nyingi zilihama, na ambaye jirani yake amehama, nani atamletea kuku?

Hatusemi kwamba Mwislamu asherehekee ibada isiyo yake. Dini ni dini, na mipaka yake yajulikana. Twasema juu ya haki ya jirani, ambayo Qurani Tukufu imeitaja katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, pamoja na haki za wazazi na mayatima. Nayo imewataja jirani wa karibu na jirani wa mbali pia. Yule mzee aliyetoka na kisu chake alfajiri ya baridi hakubadili itikadi yake hata kidogo. Alitimiza haki.

Baridi ya Desemba itarudi Nakuru kila mwaka bila kuitwa. Ujirani hauji hivyo. Lazima mtu atoke nyumbani kwake akabishe hodi. Kwa hesabu za wanafalaki, mwaka 2033 yatazamiwa kuwa na Idd-el-Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine siku chache kabla ya Krismasi. Watoto wetu wa leo watakuwa wamekua siku hiyo. Kama hawajui jina la jirani wa mlango wa pili, watampelekea nani sinia? Basi tuwatume mwaka huu, wakiwa bado wadogo, wakazoee njia.