Mtoto Akikosa Choo, Tutazame Sahani na Shule

Ndugu wazazi, walezi, walimu na mama lishe mnaopikia watoto wetu,

Katika mitaa yetu wako watoto wanaomaliza siku nne au tano bila kupata choo, na kikija kinakuja vidonge vikavu kama vya mbuzi, pamoja na kilio. Jambo hili tumemwachia mama. Jirani mmoja anamwambia ampe mtoto mafuta ya nyonyo, mwingine kipande cha sabuni, mwingine bomba. Mtoto anapata nafuu siku ile, wiki inayofuata yanarudi yale yale. Naomba tulibebe kwa pamoja, kwa sababu unga anaoula mtoto, maji anayokunywa akiwa darasani na choo anachotumia shuleni si mambo ambayo mama huyo anaweza kuyaamua peke yake.

Utumbo mpana kazi yake mojawapo ni kufyonza maji. Kinyesi kikikaa humo muda mrefu kinakauka na kuwa kikubwa, na siku kinapotoka kinaumiza, pengine kinachana ngozi hadi damu kidogo ikaonekana. Mtoto akishaumia hivyo hujifunza kubana. Utamkuta kajificha nyuma ya mlango, kasimama kwa ncha za vidole, miguu kaipishanisha, jasho linamtoka. Wengi tunadhani anasukuma, kumbe anazuia. Anavyozuia ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu, utumbo unatanuka, hisia ya haja inafifia, na choo chepesi kinaanza kupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo bila mwenyewe kujua. Hapo ndipo mtoto anapochapwa na kuitwa mchafu, au anapewa dawa ya kuzuia kuhara. Ndugu zangu, fimbo hiyo tuiweke chini leo hii.

Sasa tutazame sahani. Asubuhi chai ya rangi na mkate mweupe au maandazi, mchana ugali wa sembe, jioni wali na mchuzi mwepesi, katikati chipsi na biskuti. Mtoto ameshiba, lakini nyuzinyuzi ambazo hushika maji na kulainisha choo hazipo. Mahindi yanapokobolewa, pumba na kiini vinabaki mashineni vikawe chakula cha mifugo, nasi tunarudi nyumbani na unga mweupe unaopendeza macho. Wataalamu wa lishe wana hesabu rahisi: chukua umri wa mtoto, ongeza 5, hizo ndizo gramu za nyuzinyuzi anazohitaji kwa siku. Mwenye miaka 6 anahitaji takribani gramu 11, na nusu kikombe cha maharage yaliyoiva humpa kama 7. Ongeza tembele au mchicha, kipande cha papai, embe la msimu au chungwa linaloliwa na nyama zake, na hesabu imetimia bila kwenda duka la dawa. Maji yaende pamoja na vyakula hivyo, kwani nyuzinyuzi bila maji hazisaidii. Mtoto aliyekwisha acha kunyonya naye asishibishwe maziwa ya ng'ombe kutwa nzima hadi akakataa chakula. Aliye chini ya miezi 6 abaki na maziwa ya mama tu, asipewe maji wala juisi.

Shuleni tuna nguvu tusiyoitumia. Pale ambapo wazazi huchangia mahindi na maharage ya uji na chakula cha mchana, tukubaliane kwamba mahindi yasagwe dona. Debe lile lile litatoa unga mwingi zaidi, kwa kuwa hakuna kinachobaki mashineni. Sharti ni moja: yawe yamekauka vizuri na yamechambuliwa, yenye ukungu yatupwe. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na hatuwezi kuponya tumbo kwa kulisha watoto sumu. Nanyi mama lishe mnaouza getini, wekeni papai, tikiti na chungwa mbele ya ubuyu wa rangi na pipi. Wazazi tuwape watoto hela tukiwaambia wanunue hayo.

Chakula peke yake hakitoshi kwa mtoto ambaye kinyesi kimeshaganda tumboni. Huyo anahitaji dawa ya kulainisha kutoka kituo cha afya, pengine kwa miezi kadhaa, wakati chakula kinarekebishwa. Mpelekeni haraka mwenye tumbo lililojaa na kutapika kijani, anayepungua uzito, au aliyepata shida hii tangu wiki za kwanza za maisha. Kichanga ambacho hakijapata choo ndani ya saa 48 baada ya kuzaliwa nacho kisisubiri. Sabuni na mabomba ya nyumbani tuyaache.

Limebaki la vyoo, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Tunaweza kumlisha mtoto dona na maharage, akafika shuleni akabana kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa kwa sababu mlango hauna komeo, maji hakuna, au mwalimu amemwambia asubiri kengele. Baada ya kula utumbo huamka wenyewe, na huo ndio wakati mzuri wa kumwacha mtoto achuchumae dakika tano hadi kumi bila kuharakishwa. Mwongozo wa nchi yetu unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Walimu, anayeomba ruhusa ya kwenda haja apewe bila maswali. Kamati za shule, kwenye kikao kijacho, kabla hatujafika kwenye michango, tupelekeni vyooni. Twende wazazi na walimu pamoja, tuhesabu matundu, tujaribu kila komeo, tufungue kila bomba, kisha tukae tugawane kazi: nani analeta fundi, nani analeta pipa la maji, na nani anakwenda kuzungumza na mwenye mashine kuhusu dona.