Tutazame Chupa Kwanza, Ndipo Tulaumu

Naomba nafasi kidogo nitoe maoni yangu juu ya mashine ya kukatia majani. Huenda wengine watacheka na kuuliza kama hakuna jambo kubwa kuliko hilo. Lakini kwa ajili ya mashine hiyo mtu mzima alikaribia kukatwa mshahara bila kosa, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Julai, siku ya kufunga shule, mimi nilikuwa mkubwa wa kazi za nje. Tulipomaliza kukata majani ya uwanja wa mpira niliacha nusu dumu ya petroli, au esansi kama wengi wanavyosema hapa Kigali, nyuma ya stoo chini ya ukingo wa bati. Kifuniko sikukikaza, maana nilikuwa na haraka ya basi. Tuliporudi Septemba mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, na majani yamefika magotini. Mzee wetu wa bustani akatia petroli ile ile, akavuta kamba. Mashine ikakohoa mara mbili, ikazimika. Akavuta mpaka jasho likamtoka. Kesho yake ikasemwa shule nzima kwamba mzee ameua mashine, na gharama ya fundi itatoka katika mshahara wake. Aliponiona aliniambia tu, "Mwanangu, mimi nimevuta kamba, sikuvunja kitu."

Fundi alipokuja hakuanza kwa plagi. Aliomba chupa nyeupe ya kioo, akaitilia petroli iliyotoka chini kabisa ya tanki, akaiweka kivulini. Baada ya dakika chache tuliona sote: petroli juu, maji chini, na mstari katikati. Lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1,000, na ya petroli kama 750 tu. Basi maji hushuka chini, na huko chini ndiko uanzapo mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini. Hapo nilimwendea mwalimu, nikakiri.

Tangu siku ile nimesoma zaidi, nikaona kwamba jambo hili laweza kuwa gumu kuliko lilivyokuwa kwetu. Katika nchi nyingi petroli huchanganywa na alkoholi iitwayo ethanoli, itokanayo na miwa au mahindi. Brazili ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1975, Malawi mwaka 1982, na Kenya ilifanya hivyo kwa miaka kadhaa kuanzia 1983. Shabaha ni kupunguza mafuta ya kununua ng'ambo, nalo ni jambo la maana kwa nchi isiyo na bandari kama yetu, ambayo petroli yake husafirishwa kutoka Dar es Salaam na Mombasa. Basi siipingi alkoholi, lakini imetupasa kuijua tabia yake. Alkoholi hupenda maji. Petroli yenye alkoholi sehemu 10 katika 100 huweza kumeza maji kiasi cha kijiko cha chai katika kila lita, wala jicho lisione kitu. Yakizidi hapo, alkoholi huiacha petroli ikashuka chini pamoja na maji. Ukitikisa dumu hupati faida: petroli ya juu imepungua ubora, na mchanganyiko wa chini hula madini ya kabureta.

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya fundi, si ya mwanafunzi. Mimi sikubali. Darasani tunafundishwa uzito wa vitu vya majimaji, tunapata alama nzuri, kisha tunashindwa kukaza kifuniko. Elimu hiyo ina faida gani?

Kwa hiyo naomba tufuate mambo manne. Kwanza, tununue petroli ya kazi ya mwezi mmoja tu. Ikikaa sana sehemu zake nyepesi huruka hewani, na zilizobaki hugeuka kama utomvu, zikaziba vitundu vya kabureta. Pili, dumu lifungwe vizuri, liwekwe ndani, mbali na jiko. Tatu, kabla ya likizo tanki litolewe mafuta yote, kisha injini iwashwe mpaka izimike yenyewe. Nne, mashine ikigoma, tutazame chupa kwanza, nje, injini ikiwa imepoa na moto usiwepo karibu. Petroli mbovu isimwagwe mtaroni, kwa kuwa maji ya mitaro ya mji huu huelekea Nyabugogo na Nyabarongo, ambako watu hulima. Apewe fundi ajuaye namna ya kuitupa.

Lakini hayo yote ni madogo kuliko hili la mwisho. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Mashine ilipokufa hakuna aliyemuuliza mwanafunzi aliyeacha dumu wazi. Lawama ilimshukia yule asiyejua kuandika barua ya kujitetea. Mzee hakukatwa mshahara, namshukuru Mungu. Hata hivyo, maneno ya kumlaumu yalizunguka shule nzima kwa siku moja, na habari za kumtakasa hazijafika mabweni yote mpaka leo. Ndiyo sababu nimeziandika hapa. Ukimkuta bustanini, msalimu, na umwambie umesoma.