Nani Mtiifu Zaidi, Mwanamume au Mwanamke?

Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tuliovaa magwanda tulifundishwa usemi huo tangu siku ya kwanza katika chuo cha kadeti, nao ungali nguzo ya kazi yetu. Hata hivyo, tangu Kasese mjini hadi Bwera, askari hawaachi kubishana: nani mtiifu zaidi, mwanamume au mwanamke? Wako wasemao kwamba mwanamke hutii kwa maumbile yake, hivyo apewe kazi isiyohitaji uamuzi. Wengine washauri kwamba ubishi huo ukatwe kwa hojaji: kila askari apewe karatasi ya maswali, majibu yahesabiwe, mambo yaishe.

Sisi twaona kwamba karatasi hiyo itatupoteza.

Tuseme ofisa aingia kambini na kuuliza kwa maandishi: "Je, wewe hutii amri za wakubwa wako?" Askari gani ataandika "La"? Aliyeileta karatasi ana nyota begani. Kujibu "Ndiyo" ni kutii tu, si kutoa habari. Na tukiipeleka karatasi hiyo hiyo sokoni Mpondwe, binti aliyelelewa akisifiwa kwa usikivu ataandika kwamba yeye hutii, na kijana anayechelea kuonekana mwoga ataandika kwamba yeye haburuzwi na mtu. Hapo tutakuwa tumepima malezi na haya, wala hatujapima utiifu.

Wataalamu wa saikolojia wamekwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1961 na 1962, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Stanley Milgram aliwaamuru watu wa kawaida wampige mwenzao kwa umeme kila alipokosea somo. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua. Madaktari wa akili walioelezwa jaribio hilo walikadiria kwamba labda mtu mmoja katika elfu angefika mwisho wa mashine, yaani volti 450. Kwa vitendo walifika wanaume 26 kati ya 40. Wanawake 40 walipojaribiwa, idadi ikawa ile ile: 26. Tofauti ni kwamba wanawake waliotii walifadhaika zaidi moyoni.

Ni haki kuongeza kwamba jaribio jingine la mwaka 1972, lililotumia mtoto wa mbwa, lilikuta wanawake wote 13 wakifika mwisho, na wanaume 7 tu kati ya 13. Basi neno la mwisho halijatoka. Lakini hata hapo jibu lilipatikana katika kitendo. Hatari ya karatasi ilidhihirika mwaka 1966, katika utafiti wa Charles Hofling juu ya wauguzi. Wauguzi 12 waliulizwa kama wangetoa dawa kwa amri ya simu ya daktari wasiyemjua, tena maradufu ya kipimo kilichoandikwa chupani. 10 walisema hawangetoa. Wenzao 22 walipopigiwa simu kweli kazini, 21 walikwenda kuitoa, wakazuiwa njiani.

Huku kwetu jambo hili si la vitabuni. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo, na mtoto wa miaka 5 akafariki Bwera. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu. Mama ukimwuliza kama hutii amri za afya, atajibu "Ndiyo" kwa moyo safi. Lakini nduguye akiugua ng'ambo ya mpaka, atatii tangazo au atatii udugu? Anayekataa amri moja aghalabu anaitii nyingine. Askari wa langoni asiyelijua hilo ataona ukaidi mahali penye huzuni.

Tena tusisahau Novemba 2016, ambapo damu ya askari polisi na ya raia wengi ilimwagika Kasese. Hatuandiki kumhukumu mtu. Twasema tu kwamba katika saa kama ile hakuna afungulaye karatasi yake kutazama alijibu nini. Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 inamtaka askari atii amri halali, na Katiba ya mwaka 1995 inaviagiza vyombo vyote vya usalama kuheshimu haki za binadamu. Neno "halali" halibagui mume wala mke.

Proscovia Nalweyiso alijiunga na wapiganaji wa NRA wakati wa vita vya msituni, akapanda hadi cheo cha Luteni Jenerali. Lau wakubwa wake wangeamini kwamba mwanamke ameumbiwa kupokea amri tu, jeshi lingepoteza kamanda.

Kwa hiyo, ndugu makamanda, tuwaweke askari wetu katika zoezi, wanaume kwa wanawake, tuwape amri halali na amri yenye kasoro, kisha tutazame nani atatekeleza, nani atauliza, nani atakataa kwa adabu. Atakayeuliza asiadhibiwe. Huyo ndiye twamhitaji Mpondwe usiku, wakati mkubwa hayupo na umati unasogea.