Ushirikina ni Imani ya Nani?

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inapojadiliwa darasani, aghalabu mjadala hukwama pale pale: kwenye maji. Mmoja hudai kuwa wazee walihadaiwa na ushirikina. Mwingine hujibu kwamba maji yaliwaunganisha watu, kwa hivyo yalifaa. Wote wawili huondoka wameridhika, ilhali hakuna aliyelichunguza hilo neno "ushirikina".

Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kumfanyia Mungu washirika. Ni hukumu ya muumini wa dini moja dhidi ya imani ya mwingine. Katika Kiswahili cha leo neno hilo limetanuka likameza pepo, mizimu, hirizi na takriban kila imani isiyokuwa na kitabu. (Mkristo anayewabeza wazee wa Ngarambe kwa neno hilo asisahau kwamba hata fundisho la Utatu limewahi kushutumiwa kwalo.)

Bahari ikipasuka, huo ni muujiza. Risasi ikigeuka maji, huo ni ushirikina. Yamkini mtu atasema kuwa risasi hazikugeuka, na waliouawa katika vita vya 1905 hadi 1907 ndio ushahidi. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, inahusu ukweli wa tukio, si uadilifu wa ujumbe, na hapo ndipo mijadala mingi inapopwaya. Kisa cha Ibrahimu na mwanawe hufundishwa kanisani na msikitini kama kielelezo cha utiifu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza iwapo ni haki baba kuamrishwa amchinje mwanawe, hata kama kisu kilizuiwa mwishoni. Anayeuliza huambiwa anakufuru, na mazungumzo huishia hapo.

Kinjeketile wa Hussein hakuchelea kukufuru. Anapotanabahi kwamba ujumbe wa Hongo unawaweka watu chini ya Seyyid Said pindi Mjerumani atakapoondoka, anaushuku ujumbe wenyewe. Uhuru gani huo wa kubadilisha bwana? Suala linalomkera si kama Hongo yupo au hayupo, bali Hongo anamtumikia nani. Nabii anauweka ufunuo wake mwenyewe kizimbani, jambo ambalo wahakiki wake wengi hawathubutu kulifanya kwa ufunuo wanaouamini wao.

Suala hilo si la darasani tu. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Wengi walikuwa wamekufa njaa kwa kuaminishwa kwamba hiyo ndiyo njia ya kukutana na Yesu, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Huko hapakutajwa mzimu wala hirizi. Lugha ilikuwa ya Biblia, na tendo lenyewe liliitwa kufunga, ingawa mtoto mchanga hafungi, hunyimwa chakula.