Miaka Mitatu Inayoliwa na Rufaa

Karani au muuguzi aliyefutwa kazi na serikali ya kaunti, iwe ya Kericho au ya Bomet, hawezi kwenda mahakamani moja kwa moja. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 kinampa siku 90 za kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na Sheria ya Tume hiyo ya mwaka wa 2017 inamzuia kushtaki kabla hajamaliza hatua hiyo. Mahakama ya Rufaa ilikazia jambo hilo mwaka huohuo wa 2017, ikiamua kwamba mfanyakazi wa kaunti aliyeiruka Tume amefika mahakamani kabla ya wakati. Upande wa pili, kifungu cha 89 (zamani cha 90) cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa miaka mitatu ya kushtaki, nacho hakina neno hata moja la kusimamisha hesabu wakati rufaa iko mezani pa Tume. Akiwahi, kesi hutupwa kwa kuwahi. Akisubiri jibu kama alivyoagizwa, huenda ikatupwa kwa kuchelewa.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufaa iliwakataa waliokuwa watumishi wa serikali ambao walikuwa wameshtakiwa kwa jinai, wakaachiliwa, ndipo wakadai haki ya ajira. Majaji walisema muda ulianza kukimbia walipopokea barua za kufutwa. Kuachiliwa kwao hakukuongeza hata siku moja, na mahakama haina mamlaka ya kuongeza muda wa madai ya mkataba wa ajira, hata mdai akiwa na kisingizio kizuri namna gani. Kwa mfanyakazi wa Chepalungu au Belgut, basi, tarehe iliyo juu ya barua ina uzito kuliko sababu zilizoandikwa chini yake.

Watetezi wa ukomo huu wa miaka mitatu wana hoja. Mashahidi hustaafu, mafaili hupotea ofisi zinapohamishwa, na kaunti haiwezi kupanga bajeti huku ikihofia madai ya miaka kumi nyuma. Nakubaliana nao kabisa kuhusu miaka mitatu. Ni muda wa haki, na anayelala juu ya dai lake asimlaumu mtu. Lakini hoja hiyo haimgusi aliyekata rufaa. Mwajiri wake ameshaarifiwa, ameshajibu, na faili limeshafunguliwa. Ushahidi gani utapotea wakati pande zote mbili zinabishana mbele ya Tume?

Wengine watasema afungue kesi mapema, kisha aombe isimamishwe hadi Tume iamue. Wakili mzoefu anaweza kujaribu hivyo. Ila ni ajabu kwa dola kukataza jambo katika sheria moja, kisha kumtegemea raia alifanye ili aokoke na sheria nyingine, tena kwa ada yake mwenyewe na nauli ya kutoka Bomet kupitia Sotik na Litein hadi mahakama ya leba mjini Kericho. Kutojua sheria si utetezi, ni kweli. Lakini hapa hata anayeijua hana njia safi.

Dawa yake ni fupi: Bunge liongeze kipengele kinachosema siku ambazo rufaa iko mbele ya Tume zisihesabiwe katika ile miaka mitatu. Hakitaigharimu kaunti yoyote ila kesi ambazo ilistahili kuzijibu. Hadi hapo, aliyefutwa kazi ahesabu kuanzia tarehe ya barua, apeleke rufaa ndani ya siku 90 na kubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na mwaka wa tatu ukianza bila jibu, amwone wakili mara moja.